Mama Aliulizwa Kama Anaelewa

Alhamisi, wiki ya pili ya Januari. Asubuhi joto la kunata, mchana mvua. Sasa ni saa tatu usiku, ukungu umeifunika bandari yote ya Durban na kutoka dirishani nasikia honi za meli tu, meli zenyewe sizioni.

Shajara, sijui nianzie wapi. Nimelia mpaka macho yamevimba, na kulia hakujasaidia kitu. Kesho chuo kinafunga kupokea karatasi. Yetu haijasainiwa. Na kosa si la mtandao, wala la sheria, wala la Mama.

Ni langu.

Nitaandika kwa mpangilio. Labda nikiyaona yamekaa mstari kwa mstari nitajua lilianzia wapi. Ninyi wachache mnaopita hapa mtandaoni kunisoma mnajua kwa nini naandika Kiswahili: wasichana niliomaliza nao shule hawakielewi, na mimi siwezi kusema mambo yangu mahali ambapo wataelewa.

Nina miaka kumi na saba. Nimemaliza shule, matokeo ya matric, mtihani wa mwisho wa sekondari, yametoka na nimefaulu, hata hesabu. Siku ile Mama alipiga vigelegele kwenye ngazi za jengo mpaka jirani wa chini akatoka na ufagio akidhani kuna mwizi. Furaha ikaishia hapo. Vyuo vya hapa vinataka kibali cha kusomea, na kibali changu bado tunakingoja. Bila chuo, nitakaa saluni mjini nikimshikia Mama nywele bandia huku yeye anasuka. Si kazi ya aibu, imenilisha mimi tangu Baba alipofariki. Lakini nataka kuwa nesi. Nimetaka hivyo tangu nilipokuwa mtoto mdogo nikimtafsiria Mama kliniki.

Mama Mdogo, yaani mdogo wake Mama, anaishi Marekani, jimbo la Kentucky. Ndiye aliyenitafutia nafasi kwenye chuo cha uuguzi karibu na kwake. Mama bado anaamini Kentucky ni mahali pa kuku. Kila tukipita mbele ya duka la kuku mjini hunigusa bega na kusema, "Haya, kwenu hapo."

Chuo kilikubali, kwa sharti moja. Sijafika miaka kumi na minane, nitaifikia Desemba. Kwa hiyo wanataka karatasi ambayo kwayo Mama anamfanya Mama Mdogo kuwa mlezi wangu wa kisheria, iliyosainiwa mbele ya mthibitishaji wa nyaraka. Wakiipata, wanatuma barua ya kuombea viza. Wasipoipata kufikia kesho mwisho wa kazi, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha.

Tulianza kituo cha polisi, maana hapa Durban karatasi zote huanzia huko. Unasimama kaunta, unainua mkono, askari anakuuliza kama unaapa, anagonga mhuri, bure. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeikumbatia ile karatasi. Chuo kikajibu kwa mstari mmoja kwamba mhuri huo haufai. Tukaenda kwa wakili mjini. Yeye alisema anaweza kuthibitisha, lakini ili karatasi ikubalike ng'ambo itabidi ipate na mhuri wa mahakama kuu, na foleni ya huko ilikuwa ndefu kuliko siku tulizobakiza.

Ndipo Mama Mdogo akapiga simu, sauti imechangamka. "Huku jimbo letu lilishapitisha sheria," akasema. "Mtu anasaini mbele ya mthibitishaji kwa video. Hata akiwa nje ya nchi, mradi karatasi inahusu jambo la huku. Hamna haja ya kutoka hata mlangoni."

Niliitafuta sheria hiyo nikaisoma mara tatu na kamusi mkononi. Mthibitishaji lazima amwone anayesaini na amsikie, papo kwa papo. Pasipoti ipigwe picha ikaguliwe. Mazungumzo yote yarekodiwe na kuhifadhiwa. Na mthibitishaji aridhike kwamba anayesaini anaelewa anachosaini, na kwamba hakuna anayemlazimisha.

Hilo la mwisho nililipita haraka. Nilidhani ni maneno ya kujaza ukurasa.

Sasa lazima niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa.

Mimi ni mwoga wa watu. Kwa ajili yangu mwenyewe siwezi kuagiza hata chipsi. Nikiwa kwenye taksi namwomba mtu aliye mbele yangu amwambie dereva nashuka kwenye robot, yaani taa za barabarani. Miaka mitano ya sekondari sikunyoosha mkono darasani. Lakini kwa ajili ya Mama nimebishana na daktari, nimebishana na mwenye nyumba, nimegombana na mtu wa umeme. Mama hajui Kiingereza zaidi ya bei na aina za misuko. Tangu nina miaka saba mimi ndiye mdomo wake. Saluni wananiita redio. Mama Divine, Mkongo anayesukia kiti cha pili, hanioni bila kusema, "Redio ya mama yake iko inakuja! Siku betri itaisha, tutacheka."

Na redio hii hudanganya.

Si uongo mkubwa. Ninapunguza makali tu. Mama akisema, "Mwambie huyu mzee ana roho ya fisi," mimi namwambia mwenye nyumba, "Mama anaomba siku chache." Daktari akisema presha ya Mama ni ya hatari, mimi namwambia Mama, "Imepanda kidogo, upunguze chumvi." Nilianza nikiwa mdogo kwa sababu nilikuwa naogopa uso wake ukibadilika. Baadaye ikawa mazoea. Kila neno linapopita kwangu linatoka limelainika, na nilijiona mtoto mwema kwa hilo.

Karatasi ilipokuja, kurasa nne za Kiingereza, Mama alikuwa anakaanga samaki. Akasema, "Nisomee." Nikasoma kimoyomoyo. Iliandikwa kwamba anampa mdogo wake mamlaka yote ya mzazi juu yangu, kuhusu matibabu, masomo, makazi na safari, mpaka nitakapotimiza miaka kumi na minane. Iliandikwa kwamba mlezi anaweza kuamua bila kumwuliza kwanza. Nikautazama mgongo wake pale jikoni.

Nikasema, "Inasema Mama Mdogo atakuwa mwenyeji wangu. Nitakaa kwake nikisoma."

"Basi?"

"Basi."

Kurasa nne nilizimaliza kwa sentensi mbili. Baadaye nilimwuliza Mama Mdogo kwa simu kama yeye amemweleza, naye akasema, "Mwanangu, mambo haya ni ya kwenda taratibu. Asaini kwanza, tutamweleza." Nikashukuru. Nilishukuru kabisa, kwa sababu mzigo tuliugawana.

Jumanne ilikuwa mara ya kwanza kujaribu kwa video. Saa kumi jioni hapa, saa tatu asubuhi kwao. Mama alivaa ushungi wake wa Idi na kupaka wanja, kana kwamba anakwenda kuposwa. Tuliegemeza simu kwenye mtungi wa sukari. Ikapiga picha pasipoti, ikamwamuru ageuze uso kushoto, kisha kulia. "Kumbe napimwa shingo," akanong'ona. Halafu akatokea mama mmoja wa Kizungu mwenye miwani na sauti ya upole. Akauliza nani mwingine yuko chumbani. Nikajitaja. Akasema nikae kando.

Akamtazama Mama akamwuliza, kwa Kiingereza, aeleze kwa maneno yake mwenyewe karatasi hii ni ya nini.

Mama akanigeukia mimi. Miaka kumi ya mazoea hiyo. Na sauti yangu ikatoka kabla sijaifikiria: "Ndiyo, anaelewa. Anaelewa yote."

Yule mama akavua miwani. Akasema, "Binti, nilimwuliza mama yako." Akaeleza pole pole kwamba sheria inamtaka azungumze na anayesaini moja kwa moja, kwa lugha wanayoielewa wote wawili. Hawezi kumtumia mkalimani ambaye karatasi inamnufaisha. Na mimi ndiye ambaye inaninufaisha kuliko wote. Akasema samahani. Kioo cha simu kikarudi kwenye picha ya Mama na mimi ufukweni, tumevaa viatu vya njano.

"Amesema nini?" Mama akauliza.

"Amesema mtandao wao una shida."

Unaona? Hata pale. Hata pale, Shajara.

Usiku huo Mama Mdogo alipekua orodha ya wathibitishaji wa jimbo lao wanaoruhusiwa kufanya kazi kwa video, jina baada ya jina, akitafuta anayejua Kiswahili. Akampata mmoja. Mkongo, amehamia huko zamani, anaitwa Papa Floribert. Ana nafasi Alhamisi saa kumi. Mama aliposikia kwamba ni mtu wa Kiswahili alifurahi sana. "Sasa nitaongea mwenyewe," akasema. "Upumzike na wewe, umekuwa kasuku vya kutosha."

Mimi sikufurahi. Mimi niliingia bafuni nikafungua bomba ili asisikie ninavyopumua.

Nilikuwa na Jumatano nzima. Siku nzima ya kumwambia. Nilimsindikiza saluni, nilikaa naye saa sita, nilimshikia nywele, nikamletea chai. Mara nne nilifungua mdomo. Mara ya mwisho alisema, "Unataka kusema nini, mbona unapanua kinywa kama samaki wa soko la feri?" nikasema nina njaa.

Leo.

Saa kumi kasoro dakika tano Mama alisema Bismillahi na kubonyeza. Pasipoti, kushoto, kulia. Akatokea mzee mnene mwenye tai nyekundu, nyuma yake bendera ndogo na kalenda. Akacheka alipomwona Mama. "Karibu Mama, karibu sana. Leo tunasema luga yetu." Mama naye akacheka. Nusu dakika walikuwa wakiulizana habari za afya na mvua. Kisha akasema, "Mutoto atoke inje, Mama. Asikae ndani, asisimame nyuma ya mulango. Iko sheria, si mimi."

Nilitoka. Nikakaa ngazini, ghorofa yetu ni ya pili. Mlango wetu una ufa chini, na sauti hupita. Sikupaswa kusikiliza. Nilisikiliza.

Papa Floribert alisoma karatasi yote kwa Kiswahili. Hakuwa na haraka. Kila kipande alisimama na kuuliza, "Tuko pamoja, Mama?" Mwanzoni Mama alijibu, "Tuko pamoja." Akafika pale.

"Hapa inasema unapatia dada yako bunguvu yote ya muzazi juu ya mutoto. Ya lopitali, ya masomo, ya fasi ya kulala, ya safari."

Nikasikia kiti kikivutwa.

"Yote?" Mama akauliza.

"Yote, Mama."

"Na mimi nabaki na nini?"

"Unabaki mama yake. Ile hakuna karatasi inaweza kuondoa. Lakini ya kuamua, anaamua dada yako, mpaka mutoto atimize miaka kumi na munane."

"Mimi niliambiwa atakuwa mwenyeji wake."

"Nani alikuambia?"

Shajara, pale ngazini nilikamata chuma cha kushikia kwa mikono yote miwili. Nilijua jina langu linakuja. Nilingoja lipite chini ya mlango.

"Mtu," Mama akasema. "Mtu tu."

Papa Floribert hakumchimba zaidi. Kisha akauliza swali ambalo mimi nililipita haraka kwenye ile sheria. Sauti yake haikuwa na kicheko tena. "Mama, unaelewa sasa. Unataka kusaini kwa mapendo yako mwenyewe, hakuna mutu anakusukuma?"

Gari la taka lilipita Umbilo Road, barabara ya mbele yetu, likafunika kila kitu. Lilipokwisha nilisikia neno moja.

"Sijui."

"Kama hujui, Mama, mimi siwezi piga muhuri. Wakubwa ya hapa walisema naweza fanya hii kazi kwa simu, mbali na mutu, sawa. Lakini hii kiulizo moja hawakuondoa. Juu ya hii kiulizo ndiyo wananiamini. Nisipoangalia jibu yake, mimi niko nafanya nini hapa na hii kravati ku shingo?"

Mama akacheka, kicheko kifupi kilichokatika. Akasema asante, Baba. Akamwuliza watoto wake wangapi. Watano. Akamwombea. Kisha simu ikazimika.

Sikuingia. Nilikaa palepale mpaka mlango ukafunguliwa wenyewe.

Nilitarajia kofi. Kusema kweli nililitamani. Mama alisimama mlangoni na ushungi wake wa Idi, wanja umeshuka kidogo jicho moja. Akasema, "Ingia, utanyeshewa," ingawa ngazi zetu zina paa.

Akaenda jikoni akaanza kumenya viazi. Alimenya vingi, vya watu kumi, na sisi tuko wawili. Nilisimama nyuma yake nikasema samahani mara nyingi mpaka neno likapoteza ladha. Hakugeuka. Baadaye akaanza kusema, kana kwamba anavisimulia viazi.

Akasema alipokuwa na miaka tisa, Tanga, Bibi alimvalisha gauni jipya akamwambia, "Unakwenda kumsalimia shangazi yako." Alibeba mkungu wa ndizi kichwani. Alikwenda kusalimia. Alikaa miaka minane. Shule aliiona kwa mbali tu, akipita na ndoo. Mdogo wake, huyu Mama Mdogo wa Kentucky, ndiye aliyebaki nyumbani, ndiye aliyesomeshwa.

"Simlaumu yeye," akasema. "Alikuwa mtoto anayenyonya. Shangazi naye simlaumu, alinilisha. Hata Bibi yako simlaumu kwa kunitoa, nyumbani hapakuwa na chakula." Kisu kikasimama. "Namlaumu kwa neno kusalimia."

Nilikuwa sijui. Miaka kumi nimekuwa mdomo wake na hili lilikuwa halijawahi kupita kwangu.

"Bibi yako hakuulizwa na mtu kama anaelewa," akasema. "Na mimi sikuulizwa. Leo mtu amevaa tai, yuko huko mbali, hanijui, ananiuliza. Ananingoja nijibu. Na wewe, mwanangu wa kumzaa, ulikuwa na karatasi mkononi na mimi nakukaangia samaki."

Eish. Ningependelea kofi.

Nikamwambia ukweli, wote, mpaka wa daktari na presha. Nikamwambia na ule wa Jumanne, kwamba mtandao haukuwa na shida yoyote. Hapo kwenye presha aligeuka kwa mara ya kwanza. "Ya hatari? Mwaka gani?" Nikataja. Akahesabu kwa vidole vyenye maganda. Akatikisa kichwa. "Na mimi najitia kula mihogo na chachandu ya chumvi kama bibi harusi."

Nikadhani anacheka. Hakuwa anacheka.

Kisha akaosha mikono, akaketi mezani, akasema, "Niandikie. Kwa Kiswahili, kwa mkono, kila sentensi, usiruke hata moja. Nataka kuisoma mwenyewe."

Mama husoma pole pole, kwa kufuata kidole. Alijifunzia kwenye magazeti ya kufungia samaki, ndiyo yaliyokuwa maktaba yake. Kwa hiyo nimeandika kwa herufi kubwa. Kurasa nne za Kiingereza zimekuwa saba za kwangu. Mara mbili nilijikamata nikitafuta neno laini. Penye kuamua bila kumwuliza kwanza, kalamu yangu ilikuwa tayari imeandika "kwa kushauriana". Nikakata. Nikaandika ilivyo. Mkono uliniuma kama vile nimefua mablanketi.

Alisoma mezani, kidole kikitembea. Mimi nilikaa sakafuni nimeegemea jokofu. Ilichukua karibu saa nzima. Aliuliza swali moja tu.

"Ukiugua huko, nani ataambiwa kwanza?"

Nilijua jibu, ukurasa wa tano. Niliweza kusema wote mtaambiwa. Niliweza kusema nitakupigia mimi mwenyewe hata nikiwa kitandani. Nikasema, "Mama Mdogo."

Akaitikia kwa kichwa. Akageuza ukurasa.

Alipomaliza alikunja zile kurasa saba, akaziweka ndani ya pasipoti yake, pasipoti akaiweka ndani ya mkoba wa saluni, pale anapoweka vitana. Akachukua simu yake akaingia chumbani akafunga mlango. Mlango wa chumbani hauna ufa.

Nilisikia sauti yake, sikusikia maneno. Mara moja alipandisha sauti, nikajua ni Mama Mdogo, maana hakuna mwingine anayemwita kwa ukali ule. Halafu wakalia, nadhani wote wawili. Kisha akapiga simu ya pili, na hii ilikuwa tulivu, na ndani yake nikashika neno moja tu kwa sababu alilirudia: kesho, kesho.

Ni mara ya kwanza maishani mwangu Mama kupanga jambo lake na mtu wa ofisi bila mimi katikati. Nilikuwa sakafuni, mikono mitupu, kama mtu aliyepokonywa ndoo.

Alipotoka alisema Papa Floribert amempa nafasi ya mwisho kesho, saa kumi jioni. Mzee ataahirisha mtu mwingine. Kwa saa zao bado ni asubuhi, kwa hiyo kama itasainiwa, chuo kitaipata kabla hakijafunga.

Kama.

Nimejaribu kusali nimeshindwa, kwa sababu sijui niombe nini. Nikiomba asaini, ni kama namsukuma tena, safari hii nikimpitia Mungu. Nikiomba asisaini, nadanganya, na nimechoka kudanganya. Nataka kwenda. Na namwona Mama kliniki, siku ambayo nimeshaondoka, amekaa kwenye benchi, jina lake linaitwa vibaya na yeye hajui kuwa ni lake. Nani atamwambia presha ni ngapi? Labda mwingine, kwa ukweli. Labda hilo ndilo jibu, na linaniuma kuliko maswali yote.

Nimemwambia hivyo. Nimemwuliza, "Nikienda, nani atakusemea?"

Akaangalia zile sufuria za viazi vya watu kumi. "Mama Divine namdai Kiingereza tangu mwaka juzi," akasema. "Ataanza kunifundisha matusi, halafu yaliyobaki nitayamalizia mwenyewe."

Hapo nikamwuliza lile ambalo sikupaswa kuuliza. Kesho utamjibu nini?

Hakukasirika. Alinifuta uso kwa ncha ya ushungi wake wa Idi, wanja wake ukabaki shavuni kwangu. Nauona sasa hivi kwenye kioo cha simu, sijaunawa.

"Nitamjibu aliyeniuliza," akasema.

Amekwenda kuwagawia majirani viazi. Namsikia ghorofa ya chini akimwambia yule jirani wa ufagio kitu kwa Kiingereza chake cha saluni, maneno matatu manne, na jirani anacheka, anaelewa.

Kesho saa kumi sitakaa ngazini. Nitashuka mpaka chini kabisa, kwenye lango la barabarani, mahali ambapo ufa wa mlango haufiki.